Kukopi kutoka diski ya NTFS kwenda Linux bila kukesha

Mpiga picha wa harusi niliyemsaidia kuhamia Ubuntu alishaanza kutafuta bei ya diski mpya, kwa jinsi video zilivyokuwa zinatambaa. Diski yake, yenye mfumo wa faili wa Windows uitwao NTFS, ni nzima. Tatizo ni draiva, yaani programu ambayo Linux huitumia kuisoma.

Hatua ya 1. Chomeka kwenye tundu la USB 3, mara nyingi ni la bluu ndani. USB 2 haivuki sana megabaiti 40 kwa sekunde, ufanye ufanyalo.

Hatua ya 2. Fungua terminal, andika `lsblk -f` ili kuorodhesha diski. Tuseme umeona `ntfs` kwenye sdb1 (jina la sehemu ya diski; kama lako ni tofauti, tumia lako).

Hatua ya 3. Hapa ndipo saa zinapopotelea. Linux ina draiva mbili za NTFS zinazotumika sana. Ya zamani, ntfs-3g, hufanya kazi nje ya keneli (kiini cha Linux) kupitia FUSE, njia ya kuendesha mfumo wa faili kama programu ya kawaida, hivyo prosesa inabeba mzigo wa ziada kwa kila kipande cha data. Mpya, ntfs3, imo ndani ya keneli tangu toleo la 5.15 la mwaka 2021. Andika `findmnt /dev/sdb1`: ukiona `fuseblk`, uko na ya zamani. Kwenye kompyuta dhaifu, fungua `top` wakati wa kukopi utaikuta `mount.ntfs` iko juu kabisa, inakula prosesa huku diski ikisubiri. Badilisha:

`sudo umount /dev/sdb1`
`sudo mkdir -p /mnt/diski`
`sudo mount -t ntfs3 -o ro,uid=$(id -u) /dev/sdb1 /mnt/diski`

Hiyo `ro` ni kusoma tu. Usiitoe kama huna cha kuandika humo. Ukiitoa, diski iliyochomolewa vibaya kwenye Windows inaweza kugoma, na logi itasema `volume is dirty`. Mtandaoni watakwambia uweke `force`. Usiweke, hasa kama hizo ndizo nakala pekee za harusi ya watu. Irudishe Windows, endesha `chkdsk /f`, kisha itoe kwa utaratibu. Kama ni diski ya ndani yenye Windows, izime kwa `shutdown /s /t 0`, kwa sababu Fast Startup, kipengele cha Windows cha kuwaka haraka, huiacha haijafungwa sawasawa.

Hatua ya 4. Achana na kuburuta folda kwa mausi. Tumia:

`rsync -rt --info=progress2 /mnt/diski/Harusi/ ~/Harusi/`

Umeme ukikatika, rudia amri ileile. Itaruka faili zilizokwisha. Situmii `-a`, inayobeba na ruhusa za faili, maana ruhusa za faili zinazotoka NTFS ni takataka tu. Folda yenye maelfu ya picha ndogondogo bado itakwenda polepole. Hiyo vumilia.

Hatua ya 5. Andika `sync` ili data yote iandikwe kwenye diski, kisha `sudo umount /mnt/diski`, ndipo uchomoe.