Mbawakawa wa Utomvu: Ondoa Harufu Kabla Hujashika Bomba la Dawa

Ukipasua tunda lililoanguka ukakuta vidudu vidogo vyeusi au vya kahawia vikikimbilia gizani, huenda hao ni mbawakawa wa utomvu. Wengi hawazidi milimita 8. Watambue kwa vipapasio vyenye kirungu nchani na, kwa aina nyingi, mabawa magumu ya juu yaliyo mafupi hata ncha ya tumbo hubaki wazi. Usiwachanganye na fukusi wa ghalani, kwani mbawakawa wa utomvu hawana mdomo mrefu uliochongoka kama wa fukusi.

Familia yao ina maelfu ya aina, na wengi wao si wadudu waharibifu. Wanaotusumbua shambani huvutwa na kitu kimoja: harufu ya uchachu. Tunda likipasuka, au gome la mti likijeruhiwa, hamira za asili huingia na kuanza kuchachusha sukari. Harufu ya pombe inayotoka hapo husafiri na upepo, na mbawakawa huifuata. Madume wa aina kadhaa wakishafika hutoa harufu yao wenyewe ya kuwaita wenzao, na harufu hizo mbili zikichanganyika huvuta kuliko kila moja peke yake. Ndiyo maana leo huoni kitu, kesho wamejaa tele.

Jike hutaga kwenye chakula hicho au karibu nacho, na mayai huanguliwa baada ya siku chache. Mabuu ni meupe, yenye kichwa cha kahawia. Yakishiba hushuka udongoni, hujigeuza pupa karibu na uso wa ardhi, kisha hutoka yakiwa wadudu kamili. Kwenye joto, mzunguko wote huchukua wiki tatu au nne tu. Jike mmoja wa aina inayoshambulia tini na tende anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000. Kwa hiyo matunda machache yaliyooza chini ya mti yanatosha kuzalisha kundi zima kabla hujamaliza kuvuna.

Mara nyingi mbawakawa hawa hufuata jeraha lililofanywa na mwingine: nzi wa matunda, ndege, mpasuko wa mvua. Kwenye mahindi hupitia matundu ya funza au ncha ya gunzi isiyofunikwa vizuri na maganda. Hapo hasara kubwa si punje wanazotafuna, bali ukuvu wanaoubeba mwilini, ukiwemo ule unaozalisha sumukuvu. Stroberi ni kesi tofauti: ipo aina inayotoboa hata tunda zima lililoiva, hasa linalogusa udongo.

Kwa maoni yangu, kupulizia dawa tunda linapoiva ni kupoteza fedha. Mabuu yamo ndani, dawa haiyafikii, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna hazitoshi. Kazi yenye faida ni usafi. Okota matunda yaliyoanguka mara kwa mara wakati wa kuiva, hata yale madogo yasiyo na soko. Usiyatupe pembeni mwa shamba. Yafunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na uuache juani hadi mabuu yafe, au yafukie kwa kina, kwani shimo fupi haliwazuii kutoka. Vuna mapema tunda likikomaa, weka matandazo chini ya stroberi, dhibiti funza mapema, na chagua mbegu ya mahindi ambayo maganda yake hufunika gunzi hadi nchani.

Mtego husaidia pia. Ponda tunda lililoiva sana, changanya na hamira kidogo, weka ndani ya chombo chenye matundu madogo na uning'inize kando ya shamba, si katikati, kabla mazao hayajaanza kunukia. Badilisha chambo mara kwa mara, maana mtego uliosahauliwa hugeuka kitalu cha mabuu.

Wafugaji wa nyuki wana ndugu yao mmoja wa kumwangalia, mbawakawa mdogo wa mizinga, ambaye asili yake ni Afrika kusini mwa Sahara. Mabuu yake huchachusha asali ndani ya masega, hasa pale kundi la nyuki linapokuwa dhaifu.

Lakini mwenye topetope asiwaue ovyo. Maua yake hunukia kama tunda lililochacha, mbawakawa huingia, hulala humo na kutoka wamebeba chavua kwenda ua jingine. Miti ikichanua, ondoa mitego iliyo karibu na usipulizie dawa hadi matunda yashike.