Kabla hujapasua nundu ya alizeti mwitu

Ukikuta shina la alizeti mwitu limevimba, uvimbe huo ndo nundu, mara nyingi ni nyumba ya mdudu anayekaa ndani. Ukitaka kumjua ni nani usikimbilie wembe, anza na mmea wenyewe. Alizeti mwitu za kweli ni za jenasi (kundi la mimea ndugu) ya Helianthus, asili yake Amerika Kaskazini, ila tithonia, mmea mwingine, nayo watu wanaiita hivyohivyo, na wadudu wa nundu wanachagua sana mmea kwahiyo ukikosea hapo utahangaika na mdudu ambaye hayupo kabisa. Piga picha jani, ua na shina zima, sio uvimbe peke yake.

Halafu cheki uvimbe umekaa wapi, umezunguka shina lote au umetokeza ubavuni, uko pale jani linapochipua au katikati ya pingili. Donge gumu la mabonge mabonge chini karibu na udongo, ambalo ukilikata halina chumba ndani, mara nyingi hilo ni kazi ya bakteria wa Agrobacterium, huna mdudu hapo.

Vifaa sio vingi: wembe, lenzi ya kukuza mara 10, kichupa cha spiriti cha kumhifadhi mdudu, na lebo uandike kwa penseli maana wino wa kawaida unayeyuka kwenye spiriti. Tarehe usisahau.

Kwenye kukata ndo watu wanaharibu. Chana kwa urefu wa shina, kijuujuu kwanza, ukizamisha wembe katikati unamkata mwenye nyumba vipande viwili. Ukikuta vifunza vidogo sana vya njano au rangi ya chungwa, kila kimoja na kijichumba chake, fikiria kwanza vijinzi vya familia ya Cecidomyiidae. Mwenye kichwa kinachoonekana, vijiguu na kinyesi kimejaa ndani, huyo kiwavi wa nondo. Kichwa cha kahawia bila miguu yaweza kuwa fukusi, ambaye mara nyingi anatafuna tu moyo wa shina bila kufanya livimbe.

Na usipasue zote jamani! Nusu ziweke kwenye kikopo ufunge kitambaa chepesi, zisikauke sana wala zisiote ukungu, usubiri wadudu waliokomaa watoke. Wengine wanalala humo msimu mzima wa baridi. Akitoka kijinyigu kinachong'aa kijani usishangilie bado, uwezekano mkubwa ni kimelea kilichomla mwenye nundu, kwahiyo kitunze nacho ila lebo usiandike kwamba ndo kimetengeneza uvimbe. Nundu yenye tundu tayari nayo chukua kwa ajili ya umbo, ila mwenye nundu usimtegemee humo.