Kabla hujakimbilia tenda ya serikali, jikague haya kwanza

Kila nikikutana na mtu mwenye biashara ndogo swali lake la kwanza ni "hizo tenda zinapatikana wapi?" na mi huwa namrudishia swali: serikali ikikaa na hela yako miezi minne, biashara yako itakua bado imesimama? Watu hawalipendi hilo swali, ila kwangu ndo namba moja, kwasababu kazi nyingi za serikali unatanguliza mzigo wewe, kamati yao inakagua na kupokea, unapeleka ankara, alafu unaanza kusubiri, na huku mishahara ya vijana wako na marejesho ya benki havisubiri pamoja na wewe. Nilishawahi kupeleka mzigo ofisi moja, ukapokelewa vizuri tu bila neno, mwaka wa bajeti ukaisha kabla malipo hayajapita, ikabidi yasubiri fungu la mwaka unaofuata, na riba ya mkopo niliochukua ikala faida yote ikabaki kutaka kula na mtaji.

Kwahiyo kabla ya chochote kaa na karatasi uandike hela ya kununulia mzigo inatoka wapi na unaweza kukaa bila kulipwa muda gani. Kuna benki zinakopesha kwa kushikilia ile oda ya manunuzi ambayo wengi tunaiita LPO, na wengine wananunua ankara yako kwa kukata kidogo. Ulizia masharti yao saa hizi wakati hauna presha, sio siku umeshinda, na gharama ya huo mkopo iingie kwenye bei yako kabisa.

Alafu makaratasi. Hapa sitaki kurefusha maana kila mtu anajua: usajili wa biashara, namba ya mlipakodi, cheti cha kutodaiwa kodi, leseni, cheti cha bodi kama kazi yako ni ya ujenzi au umeme, hesabu za biashara. Watu wanavyo vyote hivyo, shida iko kwenye tarehe na majina. Cheti kinachoisha kesho kutwa hesabu kama hauna. Jina la kwenye leseni likitofautiana na la kwenye akaunti ya benki, hata kama ni neno moja tu limerukwa, mkaguzi ana haki ya kusema hizi ni biashara mbili tofauti, na hakuna mtu atakupigia simu kukuuliza.

Sasa hiyo ya "wapi". Anza kwa kujisajili kwenye mfumo rasmi wa manunuzi wa nchi yako, Tanzania wana NeST ulioanza 2023, Marekani ni SAM.gov na usajili wake ni bure, kwahiyo ukiona mtu anakudai hela ya kujisajili jua unalipia huduma yake binafsi, sio ya serikali. Angalia pia kama kuna fungu limetengwa kwa watu wa aina yako. Kenya sheria ya manunuzi ya 2015 inataka angalau asilimia 30 iende kwa makundi kama vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, Marekani serikali kuu wamejiwekea lengo la asilimia 23 ya thamani ya mikataba kwa biashara ndogo. Ukipuuza hilo fungu unaenda kushindana na makampuni makubwa kwa hiari yako, na wao wanapata mzigo kwa bei ambayo wewe hautaipata.

Kitu ambacho wengi hawagusi kabisa ni mpango wa manunuzi wa mwaka. Sehemu nyingi taasisi inatakiwa kuandaa mpango wa vitu itakavyonunua na lini, na mara nyingi unatangazwa hadharani, kwahiyo mtu aliyeusoma anajua robo ya tatu wanataka samani na ameshaongea na muuzaji wa mbao, wakati wewe unalisoma tangazo zikiwa zimebaki siku tisa. Soma na matokeo ya mwaka jana, nani alishinda na kwa bei gani. Hayo ni maelezo ya bure ambayo mtu wa biashara ya kawaida angeyalipia. Alafu usidharau manunuzi madogo ya kuomba bei, yale ambayo taasisi inachukua majina machache kwenye orodha ya wazabuni waliosajiliwa na kuwatumia maombi, maana nyingi ya hizo hautaziona gazetini, na barua mbili tatu za kazi ndogo uliyomaliza vizuri ndo zinakufungulia kazi ya kati.

Ukishapata nyaraka za zabuni usianze na maelezo ya bidhaa. Anza na vigezo vya tathmini. Kawaida kuna hatua ya awali ambayo ni unacho au hauna, alafu ufundi, alafu bei, na biashara ndogo nyingi zinafia hapo awali bila bei yao kuangaliwa. Mi nilitupwa nje kwa fomu niliyogonga muhuri nikasahau sahihi, bei yangu ilikua chini ya wote waliosomwa siku ile ya ufunguzi, na sikua na wa kumlaumu. Tangu siku hiyo naandika kila takwa kwenye karatasi, mbele yake namba ya ukurasa lilipo jibu, na nampa mtu mwingine ambaye hakuandaa akague, maana macho yako ukishakesha nayo yanaona kitu ambacho hakipo.

Dhamana ya zabuni, yaani hela au barua ya benki inayowahakikishia kwamba hautajitoa, iangalie kwa jicho la pekee: kiasi, maneno ya fomu yao, na muda, kwasababu mara nyingi inatakiwa iishi wiki kadhaa zaidi ya uhai wa zabuni yenyewe na benki ikikosea siku moja umeondoka. Wengine wanakubali tamko tu la maandishi kwamba hautajitoa badala ya hela, ni nafuu, ila ukijitoa katikati unaweza kufungiwa kushiriki. Kama wanataka bahasha mbili, moja ya ufundi na nyingine ya bei, bei isionekane popote kwenye ile ya kiufundi, hata kwa bahati mbaya. Na usipoelewa kitu uliza kwa maandishi kabla muda wa maswali haujaisha, kawaida jibu linaenda kwa wote bila kutaja nani aliuliza, kwahiyo hakuna aibu.

Kwenye bei wengi wanajichinja wenyewe. Weka usafiri, riba, kodi inayokatwa kwenye chanzo, faini ya kuchelewa ikitokea, na gharama ya dhamana ya utendaji, yaani ahadi ya benki kuwalipa kama hautatimiza mkataba, ambayo mara nyingi inacheza kati ya asilimia 5 na 10 ya mkataba. Muulize meneja wa benki yako leo kama ataitoa na atataka nini kama rehani, kuna watu wameshinda alafu wakakosa kazi kwa kukosa hiyo tu. Na yule wa "nina mtu ndani, toa kidogo", jamani, mtu huyo mara nyingi ameshachukua kwa watano, ukikamatwa naye jina lako ndo linaingia kwenye orodha ya waliofungiwa.

Ukishindwa, omba maelezo ya kwanini. Kanuni nyingi zina kipindi cha kusubiri kabla mkataba haujasainiwa, miradi ya Benki ya Dunia kwa mfano huwa ni siku 10 za kazi, na ndani ya hizo siku ndo malalamiko yana nguvu.

Ukishinda, usitoe mzigo kwa maneno ya simu hata aliyepiga akiwa bosi. Subiri oda au mkataba uliosainiwa, na siku ya kupeleka rudi na hati ya mapokezi yenye jina, sahihi, tarehe na muhuri, nakala mbili, moja uambatanishe na ankara siku hiyohiyo.