SOMO: Bango la makumbusho la ubongo na kompyuta

Wakuu, maswali ya jinsi ya kutengeneza bango la makumbusho la kuonyesha ubongo na kompyuta yananijia kila mara, kutoka Ujiji mpaka Kwihara. Naandika hapa, sitarudia.

1. Pima ukuta kabla hujafungua kompyuta.

2. Maneno yasizidi 100. Herufi kubwa, zisomeke ukisimama mita mbili.

3. Hapa ndipo mabango mengi yanapoharibika. Mtu anachora kichwa, nusu ubongo, nusu saketi za bluu, anaona kamaliza. Mtoto atasema "pazuri!" na kuondoka hana alichojifunza. Chora pale ubongo na kompyuta vinapokutana kweli. Mwaka 1943 mtaalamu wa neva Warren McCulloch na mwanahisabati Walter Pitts waliigeuza seli ya neva, ile inayopitisha ishara kwenye ubongo, kuwa hesabu: ishara zinaingia, zinajumlishwa, zikifika kiwango fulani seli inafyatua ishara yake, zisipofika inanyamaza. Mwaka 1958 mwanasaikolojia Frank Rosenblatt akaleta perseptroni, mfano wa seli kama hiyo unaojifunza kwa kubadili uzito wa kila ishara, yaani inahesabiwa kwa kiasi gani. Basi seli ikae kushoto, hesabu kulia, na kila mshale ubaki na rangi yake pande zote mbili.

ONYO: neva si waya wa shaba. Ishara husafiri kwa chembe zenye chaji, sodiamu kuingia na potasiamu kutoka kupitia utando wa seli, tena neva zenye kasi kubwa hufika kama mita 120 kwa sekunde tu, chini mno ya ishara ya umeme kwenye waya. Ukiandika "ubongo una kasi kuliko kompyuta" umedanganya watoto wa watu.

ONYO la pili: bluu inayong'aa kwenye skrini ni RGB, yaani rangi za mwanga. Badili iwe CMYK, yaani rangi za wino wa kuchapia, ukiwa bado kwenye kompyuta, uone mapema itakavyofubaa. Dai kwa mchapaji kipande cha majaribio kabla hujalipa.

4. Hifadhi PDF, peleka kwa mchapaji.

Kasulu_Damu: Mkuu tupia faili, nibadilishe jina tu.

Mleta somo: Hapana.

Mzee_Isevya: Maneno mangapi?

Mleta somo: Namba 2. Soma kwanza mzee wangu.

Binti_Ujiji: Shikamoo mwalimu. Hicho "kiwango" nitamwelezaje mtoto wa darasa la tatu?

Mleta somo: Marahaba binti, umeuliza la maana. Acha kuchora, mpe abonyeze. Betri, balbu ya tochi, swichi mbili. Ukizipanga kwa mfuatano, yaani moja baada ya nyingine kwenye njia moja ya umeme, balbu haiwaki mpaka zote zibonyezwe: kiwango ni 2. Ukizipanga sambamba, kila moja na njia yake, moja inatosha: kiwango ni 1. Seli ya McCulloch na Pitts ndiyo hiyo, mezani.

Fundi_Mwanga: Swichi za ukutani zinafaa?

Mleta somo: Weka za kengele ya mlango, zinajirudi zenyewe. Za ukutani wataziacha zimewashwa, betri iishe kabla ya saa sita mchana.