Somo: Kupima rushwa chuoni bila kumweka mwanafunzi hatarini

Wengi hapa Lubumbashi mnaoandika memwari (kazi ya utafiti ya kumaliza masomo) kuhusu rushwa chuoni mnaanza na swali lilelile: "Je, kwenu kuna rushwa?" Litupeni. Kila mtu atasema ipo, hata aliyeisikia kwa jirani tu. Kinachopimika ni tukio.

Hatua ya 1: Ichambue rushwa. Kununua pointi za mtihani; kulazimishwa kununua silabusi (maandishi ya somo) ili jina liingie kwenye orodha ya asistanti, yaani msaidizi wa profesa; mchango anaokusanya mkuu wa promosyo (darasa la mwaka mmoja) "kwa ajili ya profesa"; kudaiwa mapenzi ili ufaulu. Kila kimoja kipate swali lake, lenye muda: "Mwaka huu wa masomo, ulitoa fedha ili upate pointi?" Minerval rasmi, yaani ada ya chuo, iacheni kando. Kuwa ghali si rushwa.

Hatua ya 2: Mfiche anayejibu. Memwari nyingi huharibikia hapa, maana mwanafunzi anayehofia karatasi yake itamfikia asistanti hasemi kweli. Mwaka 1965 mtafiti Stanley Warner alionyesha kwamba bahati ikiingizwa katika kujibu, jibu la mtu mmoja halimfichui. Kuna namna nyingi za kufuata wazo hilo. Wenzetu kwingine hurusha sarafu. Sisi mifukoni tuna noti tu, basi noti itumike. Kila mmoja achungulie yake, asimwonyeshe mtu, aangalie tarakimu ya mwisho ya nambari ya mfululizo iliyochapwa juu ya noti, si thamani yake. Ikiwa 0, 1 au 2, aandike "ndiyo" bila kujali swali. Ikiwa 3 hadi 9, ajibu ukweli. Hata karatasi ikikamatwa, "ndiyo" yake haithibitishi lolote.

Hatua ya 3: Piga hesabu. Tuseme wamejibu 200, na "ndiyo" ni 95. Tarakimu tatu kati ya kumi zinalazimisha "ndiyo", hivyo noti zenyewe zimeleta kama 60, yaani 30% ya 200. Zinabaki 35 kati ya watu 140 waliojibu ukweli, yaani 25%.

MASWALI YA WANACHAMA (kila mmoja kwa jina la komini yake ya Lubumbashi)

Katuba: Mwalimu, watu 200 wanatosha?
Jibu: Kwa kuanzia, ndiyo. Ila ile 25% inaweza kuyumba kama 10 juu au chini, yaani kati ya 15% na 35%. Iandike hivyo, usijifanye una uhakika.

Kamalondo: Kwa nini tusichukue tu alama ya rushwa ambayo shirika la Transparency International huipa kila nchi?
Jibu: Ile hutolewa tangu 1995, na mwaka 2024 Kongo yetu ilipata 20 kati ya 100. Lakini inapima jinsi wataalamu na wafanyabiashara wanavyoiona sekta ya umma ya nchi nzima. Juu ya promosyo yako haisemi kitu.

Ruashi: Na matabishi (bakshishi) ya kumshukuru asistanti baada ya matokeo?
Jibu: Ndugu, hilo lipe swali lake, kisha uliza: aliyaomba? Ukiyachanganya na kununua pointi, namba yako itavimba.

Kampemba: Swali la mapenzi naliulizaje? Wasichana wananyamaza.
Jibu: Dada, liulize wewe, si kaka wa promosyo. Tumia noti vilevile, na usiandike idara ikiwa wasichana humo ni wachache, watajulikana.