Roma: ziba bomba kwa kidole, unywe umesimama

Ukitembea Roma wakati wa joto, usinunue maji kila kona. Mitaani kuna mabomba ya chuma yanayoitwa nasoni, yaani "pua kubwa". Yalianza kuwekwa 1874, sasa yako takriban 2,500, na maji yake ni safi ya kunywa. Usiiname wala usikinge viganja: ziba mdomo wa bomba kwa kidole kutoka chini. Juu ya mpindo wake kuna kitundu. Maji yakikosa pa kutokea yanarukia hapo kama uzi, nawe unakunywa bila kuinama. Ziba taratibu, maana ukibana ghafla yatakupiga usoni. Yana ubaridi hata mchana wa Julai kwa sababu yanatiririka muda wote, hayalali bombani. Ujanja huu unagoma kitundu kikiziba kwa chokaa au kisipokuwepo. Hapo kinga chupa chini. Ukiona kibao cha "non potabile", yaani maji yasiyofaa kunywa, pita. Na mgahawani usitegemee jagi la bure: kwa kawaida utaletewa chupa ya kulipia, kwa hiyo shiba maji kabla ya kuketi.