SOMO: Kuzamia miamba ya Cape Town, soma upepo kwanza ndo uchague pa kuingilia

Wakuu salaam. Tangu niwaonyeshe zile picha za papa wa mistari nimeulizwa sana, huko kwenye maji ya baridi mtu anapiga mbizi na mtungi wa hewa wapi na anaanzaje, sasa leo nimekaa nieleze vizuri. Nazungumzia rasi ya Cape Town kule Afrika Kusini, kuanzia Oudekraal upande wa Atlantiki mpaka Smitswinkel Bay ndani ya ghuba ya False Bay, upande wa pili wa rasi. Wengi wetu tumejifunzia kwenye matumbawe, maji ya moto, unavaa kisuti chepesi unaruka. Tukifika huku tunakuja na ratiba mkononi, Jumamosi pale Jumapili pale, na hapo ndo tunapokosea. Huku wewe huchagui sehemu, upepo ndo unakuchagulia.

HATUA YA 1: UPEPO NA MAWIMBI

Rasi ina pande mbili na zichukulie kama bahari mbili. Kiangazi cha huku, kama Oktoba mpaka Machi, unavuma upepo wa kusini-mashariki, ukishaanza unaweza kwenda siku tatu nne bila kupumzika. Upande wa Atlantiki upepo huo unayasukuma maji ya juu yaende mbali na nchi kavu, halafu maji ya kilindini yanapanda kujaza nafasi, maji baridi lakini masafi. Kwa hiyo kiangazi katikati, watu wamejaa ufukweni jua linawaka, maji yanaweza kuwa nyuzi 9 au 10, na chini unaona mita 15 au zaidi mbele yako. Mgeni haamini kwamba Atlantiki inakuwa baridi zaidi kiangazi kuliko kipupwe, lakini ndivyo ilivyo.

Ila usilaze damu, maana maji hayo yamepanda na rutuba yote ya chini, upepo ukitulia jua likipiga siku chache vijimea vinazaliana na bahari inageuka kijani huoni hata fini (mapezi ya miguuni) za mwenzako. Siku ya kwenda ni ile upepo unapopoa, au kesho yake.

Upepo huohuo ukiingia False Bay unavuruga kila kitu. Kuna meli inaitwa Clan Stuart, mwaka 1914 ilikuwa imetia nanga karibu na Simon's Town, upepo wa kusini-mashariki ukaiburuza na nanga zake mpaka ufukweni, na hadi leo ukipita barabarani unaona kipande cha injini kimetokeza juu ya maji. Mimi kila nikipita nakiangalia kwanza. Kama mawimbi yanapasukia pale, nageuza gari.

Kipupwe mambo yanageuka. Dhoruba zinatoka kaskazini-magharibi, Atlantiki inachafuka, lakini ukingo wa magharibi wa False Bay umekingwa na milima na maji yanatulia. Hapo ndo msimu wa Simon's Town mpaka Smitswinkel, maji nyuzi 13 mpaka 15 hivi.

Kitu kingine, ukisoma utabiri usiangalie urefu wa wimbi tu, angalia na sekunde kati ya wimbi na wimbi. Mita 2 kwa sekunde 8 na mita 2 kwa sekunde 14 ni vitu viwili tofauti kabisa, lile la sekunde 14 limetoka mbali na nguvu yake inafika mpaka chini, utakuta uko mita 12 na bado maji yanakubeba mbele, yanakurudisha nyuma, na miamba iko pande zote.

HATUA YA 2: VAZI

Hapa nawaomba mnisikilize. Mara yangu ya kwanza nilikodishiwa suti ya milimita 5 bila glavu, nikaambiwa "inatosha". Dakika ya 30 nilitaka kufungua kibano cha mkanda wa risasi (vipande vya madini mazito vya kukuzamisha), naona vidole vyangu viko pale juu ya kibano, naviamuru vibane, havibani. Nilikuwa naviangalia kama vya mtu mwingine. Mwenzangu ndo alinifungulia. Kama ingekuwa dharura ya kweli nisingeweza kujisaidia.

Kwa hiyo milimita 7, kofia ya neopreni (mpira ule ule wa suti), glavu na buti, hayo ni ya lazima. Ukiwa na drai suti (ile isiyoingiza maji kabisa) bora zaidi, lakini ijifunze kwanza na mwalimu sehemu isiyo na kina, hewa ikikimbilia miguuni inakupandisha miguu juu. Na suti nene inakuelesha, kwa hiyo risasi zinaongezeka sana kuliko ulizozoea. Halafu neopreni inabanwa ukishuka, unakuwa mzito na joto linapungua kwa pamoja. Pima uzito wako mita 5 ukiwa na baa 50 (baa ni kipimo cha hewa iliyobaki) kwenye mtungi, usikisie.

Regyuleta, kifaa cha mdomoni kinachokupa hewa kutoka kwenye mtungi, nayo iangalie. Zile za viwango vya Ulaya ambazo hazikupimwa kwa maji ya baridi zimeandikwa EN 250 na alama ya >10°C. Ukiona hiyo alama usiende nayo Atlantiki kiangazi.

HATUA YA 3: SIMAMA UANGALIE

Kabla hujavaa kitu simama juu ya mwamba dakika 15. Mawimbi makubwa yanakuja kwa makundi, unaweza kuona bahari shwari dakika 8 halafu yakaja manne mfululizo. Tafuta pa kuingilia na pa kutokea, na pa kutokea pawe pawili. Huwa najiuliza swali moja tu: nikiwa nimechoka, nina baridi, mtungi mgongoni, nitaweza kupanda pale? Jibu likisitasita tunarudi nyumbani.

HATUA YA 4: SEHEMU ZENYEWE

Kama hujawahi maji ya baridi anzia Long Beach pale Simon's Town, mchanga, mita chache tu, unazoea suti na uzito. Haina mandhari kubwa mchana ila usiku pweza wanatoka kuwinda.

Ukishazoea nenda Windmill Beach au A-Frame, hapo ndo utaelewa kwa nini watu wanavumilia hii baridi. Ni majabali makubwa ya graniti, katikati yake msitu wa mwani mrefu kuliko nyumba, mabua yamesimama kutoka chini mpaka juu na jua linashuka kati ya majani kama miale kwenye dirisha la msikiti. Angalia kwenye nyufa polepole. Papa wa mistari, yule wanamwita pajama, analala mchana humo ndani, wakati mwingine wamelaliana watatu. Na kuna papa mdogo mwenye mabaka, ukimshtua anajikunja duara na mkia wake anaufunika juu ya macho. Nilimkuta mmoja amejikunja hivyo mchangani, nikarudi nyuma nikatulia bila kupiga fini, ikapita kama dakika nzima ndo akafungua mkia kidogo, akachungulia, akaondoka zake. Tafadhalini msiwashike.

Castle Rocks ni hatua ya juu, inafika mita 20 hivi, miamba imefunikwa sponji na matumbawe laini ya kila rangi. Ni eneo ambalo hairuhusiwi kuvua wala kuchukua chochote, ndo maana samaki hawana woga. Funga gari vizuri, usiache chakula, nyani wa kule wanajua kufungua milango.

Smitswinkel Bay zimelala meli tano zilizozamishwa makusudi, mbili kati yake ni frigeti (manowari) za jeshi la majini, Good Hope na Transvaal, zilizamishwa 1978. Mchanga uko kama mita 35. Hapo ni kwa boti na kwa mwenye cheti cha juu, siyo cha mwanzo cha mita 18. Usiingie ndani ya meli.

Upande wa Atlantiki, Oudekraal ina vijipango na vipenyo vizuri kati ya majabali, na kati ya Llandudno na Hout Bay kuna meli ya Maori, ilizama 1909 ikitoka London kwenda New Zealand, bado unaona mabomba na mizigo imetapakaa kati ya mawe. Hiyo nenda siku bahari imelala kabisa, siku nyingine yoyote iache.

HATUA YA 5: NDANI YA MSITU NA KUTOKA

Mwani ukikushika usizunguke, ukizunguka unajifunga zaidi. Simama, shika bua likunje kwa nguvu mahali pamoja, linakatika kama karoti, ukilivuta halikatiki. Na usisubiri hewa iishe ndo upande, kwa sababu juu ya kichwa chako majani yametanda, ukitokea katikati yake itabidi ujivute juu juu kwa mikono na ni kazi. Baridi pia inakufanya uvute hewa nyingi. Mimi baa 120 nageuza, baa 50 niko juu.

Na kutetemeka ukianza, mbizi imeisha. Hakuna "dakika mbili tu".

MASWALI

Baharia_mpya: Mkuu ahsante kwa somo. Nina cheti cha mwanzo na mbizi 12 zote maji ya moto, naweza kuja moja kwa moja?
Jibu: Karibu kaka. Unaweza, ila siku ya kwanza chukua mwongozaji na iwe Long Beach. Mbizi 12 siyo tatizo, suti nene ndo itakuyumbisha mwanzoni. Na ulizia kibali cha kuzamia ndani ya hifadhi ya bahari kabla hujafika, wengi wanasahau.

mama_wa_pwani: Papa weupe je? Mume wangu hataki hata kusikia.
Jibu: Dada, papa weupe walikuwa wengi sana False Bay zamani, miaka ya karibuni wamekuwa adimu kabisa. Na wale papa wakubwa wenye matundu saba ya mashavu, ambao watu walikuwa wanawafuata karibu na Miller's Point, nao waliondoka baada ya nyangumi wauaji wawili kuanza kuwawinda, wanakula ini tu mzoga wanauacha. Binafsi hilo linaniuma, maana niliwahi kuwaona wakipita taratibu kati ya mwani wala hawana habari na mtu. Kwa usalama wa shemeji, mwambie aogope mawimbi na baridi, hivyo ndo vya kuogopa huku.

Fundi Mitungi: Regyuleta ikianza kububujika yenyewe chini nifanyeje?
Jibu: Usiitoe ukaifunga. Ilegeze mdomoni, vuta hewa inayopita, mpe mwenzako ishara na muanze kupanda pamoja kwa mwendo wa kawaida. Baa zitashuka haraka mno, chukua ya akiba ya mwenzako mapema. Kuzuia: usivute hewa ukiwa juu kwenye upepo wa baridi, na usibonyeze kitufe cha kupuliza huku unavuta.

Baharia_mpya: Na baada ya kutoka, nikaoge maji ya moto hapohapo?
Jibu: Hapana, subiri. Vua suti ukiwa umejikinga upepo, jifute, vaa nguo kavu na kofia ya sufu, kunywa kitu cha vuguvugu taratibu. Mwili uliopoa ukaupasha ghafla na maji ya moto unaweza kupata kizunguzungu, na joto la ghafla ngozini halisaidii naitrojeni (gesi ya hewa uliyovuta chini) iliyobaki mwilini kutoka salama. Mimi naweka koti la upepo juu kabisa ya begi, ndo kitu cha kwanza mkono unakigusa.